Mwaka Niliojaza Moja

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mtaa wa Gerezani, kwenye kibanda ulichotengenezea cherehani miaka yote ya utoto wangu. Najua hukutaka niishie hapa. Ulinisomesha ili nikae ofisini, na nilikaa miaka minane, kwenye ghorofa lenye kiyoyozi, hatua chache tu kutoka sokoni Kariakoo.

Kila mwaka ofisi ilitupa fomu ya kupima tunavyoridhika na kazi. Moja, huridhiki kabisa. Tano, umeridhika sana. Mshahara, tano. Bosi, tano. Kazi yenyewe, tano. Nilijaza harakaharaka nirudi kwenye kompyuta. Hata wewe, ulipokuwa umelala mgonjwa, uliniuliza, "Kazini vipi, mwanangu?" Nikakujibu, "Kuzuri tu, Baba." Ukageukia ukutani. Nilidhani usingizi umekuchukua.

Mwaka huu, miezi michache baada ya kukuzika, fomu ilikuja na swali jipya: ni kazi gani uliyoifanya hapa unayojivunia? Nilikaa na kalamu mkononi, sioni hata moja. Kilichonijia ni zile likizo za shule, nimechuchumaa pembeni yako, unanipa bisibisi na kuniambia, "Usikimbilie kufungua. Isikilize kwanza inalalamika wapi." Kwenye kazi yenyewe nikajaza moja.

Dada Rehema wa utumishi akaniita.

"Nani kakukwaza?"

"Hakuna, dada. Bosi mstaarabu, mshahara unaingia kwa wakati."

"Sasa hii moja ya nini? Tukuhamishe idara?"

"Hapana. Naomba kuacha kazi."

Nilijisikia nikiyasema hayo kama vile ni mtu mwingine anayeongea.

Kumwambia Mama ndiko kulikonitetemesha. Nilimkuta nyumbani Buguruni anapepeta mchele. Nikaeleza mpaka mwisho, yeye anapepeta tu.

"Baba yako alijua," akasema. "Siku ile ulipomjibu kuzuri, aliniambia, huyu mtoto anaumia na ananionea haya. Alitaka akwambie uache. Pumzi ndiyo haikumtosha."

Nililia mpaka Mama akaweka ungo chini. Miezi yote ile nilikuwa naogopa kukuangusha, kumbe ulishaniruhusu.

Kipato bado hakijakaa sawa, sikufichi. Kucha zangu hazitakati tena. Lakini nalala vizuri. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja anayepunguza nguo kubwa za mitumba pale sokoni Mchikichini, na cherehani iliyowashinda mafundi wawili. Nilihangaika nayo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ilipokubali, akajaribu kushona pindo zima, akalivuta kuona kama uzi umeshika.

"Fundi," akasema, "nani kakufundisha?"

Nikalitaja jina lako lote, la kwako na la babu, watu wakisikia.

Lala salama, Baba. Usiniwazie tena.

Ni mimi, binti yako.