Picha Nambari Thelathini na Tatu

Jumatatu, 5 Juni 2006

Tumeifunga! Mimi na Bi Naliaka, mtafiti wa wanyama anayefundisha chama chetu cha wanyamapori shuleni. Kamera iko kwenye mparachichi wa Mzee Kihara, kule chini karibu na kijito. Inapiga picha yenyewe kiumbe chenye joto kikipita mbele yake. Filamu ina picha thelathini na sita tu. Kazi yangu ni kwenda kila siku baada ya shule kusoma nambari kwenye kidirisha cha kamera, kujua zimepigwa ngapi.

Shamba ni la Mzee Kihara, na nyumba tunayopanga pia ni yake. Mwezi uliopita wanakondoo wake wawili waliuawa. Anasema ni fungo, yule mnyama wa usiku kama paka mkubwa, na alitaka kutega nyama yenye dawa ya wadudu. Bi Naliaka akamsihi angoje picha kwanza. Amekubali — wiki mbili, si zaidi. Akatia sahihi fomu. Fomu inasema mwenye shamba ataonyeshwa kila picha iliyopigwa kwake. Ahadi ni ahadi, Bi Naliaka akasema, akinitazama.

Mimi nasema wauaji ni mbwa wanaozurura kutoka machinjioni, Dagoretti. Lakini nani atamsikiliza msichana wa kidato cha pili?

Alhamisi, 8 Juni

Nambari 4. Moja ni mimi, moja ni ng'ombe. Vumilia, Syokau.

Jumapili, 11 Juni

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Nimetoka kanisani nikateremka kijitoni. Nikakuta foleni! Mama Joash, mke wa Mzee Kihara, na wanawake wa chama chake, wote na nguo za Jumapili, wanapita mbele ya kamera mmoja mmoja. Wanasimama, wanatabasamu, wanarudi nyuma ya foleni. Mmoja anamwambia mwenzake ageuke kidogo, tumbo lisionekane. Eti kamera ya bure, haina hata mpiga picha!

Nikapiga kelele kwamba hii si studio. Mama Joash akacheka: "Wacha wewe! Unataka picha ya panya na watu wasmart tuko hapa?"

Mama yangu akanisikia. Akanivuta mkono hadi nyumbani. Hakunilea nipigie watu wazima kelele, akasema, tena mke wa mwenye nyumba. Nimerudishwa kuomba msamaha. Nimeomba. Kwa mdomo tu.

Nambari 31. Zimebaki tano!

Jumatano, 14 Juni

36. Imekwisha. Nimempigia Bi Naliaka kwa simu ya Baba. Atanipeleka town Jumamosi.

Jumamosi, 17 Juni

Studio ya kuosha picha, karibu na Tom Mboya Street. Tulingoja saa nzima kwenye benchi. Bi Naliaka alininunulia andazi, nikaliweka mfukoni.

Mama Joash. Mama Joash tena. Ng'ombe. Mama Joash, upande. Vitambaa vya kichwa, vitambaa vya kichwa. Halafu nambari 33 —

Fungo! Madoadoa mwili mzima, uso mweusi kama amevaa barakoa, na mtoto mmoja nyuma yake. Anakula parachichi lililoanguka. Nambari 35 ni mbwa wawili, mmoja mdomo wake una damu. Mwenye studio aliuliza kama nimefiwa, maana nilikuwa nalia. Bi Naliaka amesafiri jioni hii kwenda Laikipia kufunga kamera nyingine. Ameniachia picha nizipeleke mwenyewe. Ameniamini!

Jumapili, 18 Juni

Nimezipeleka. Wanawake walizinyakua zao. Mmoja alinuna, eti kamera imemnenepesha. Mama Joash amenipiga busu shavuni.

Nilimweleza Mzee Kihara kila kitu, polepole, kwa heshima. Fungo anakula matunda, panya na jongoo. Hawezi kumuua mwanakondoo. Angalia mbwa, Mzee, angalia damu. Akaiweka ile ya mbwa chini. "Mbwa ni mbwa," akasema. Akaishika nambari 33 muda mrefu, akaifuata kwa kidole. Kumbe anatokea hapa kwa ua, akasema. Anapita mkono wa kushoto wa mparachichi. Na mimi nilikuwa nimepanga kutega upande ule mwingine, akasema.

Halafu akanishukuru! "Wewe ni mwalimu kabisa." Akanipa maparachichi mawili, makubwa.

Nimeyatupa chooni. Mpumbavu! Nimemchorea njia. Ningemwambia picha imeungua angejuaje? Lakini fomu. Ahadi. Wanatufundisha tuseme ukweli, hawatufundishi ukweli ukishatoka mdomoni utafanya nini.

Jumatatu, 19 Juni

Nimemwona akitoka machinjioni na matumbo kwenye karatasi. Amekaa kando ya mparachichi, mkono wa kushoto, muda mrefu. Simu ya Bi Naliaka haipatikani. Nimempigia mara sita. Baba anasema shamba ni lake, Syokau, na sisi ni wapangaji. Usituletee shida.

Nikajifanya naenda kuteka maji kijitoni. Nilivaa mifuko ya plastiki mikononi. Nimepata vipande vinne vya matumbo kando ya ua. Nimechakura majani kote, sikuona kingine. Nimevifukia nyuma ya choo, shimo refu. Mikono nimeosha hadi imechubuka.

Siogopi. Naogopa kidogo.

Jumanne, 20 Juni

Nimerudi kutoka shuleni sasa hivi. Mzee Kihara yuko sebuleni, mimi niko nyuma ya pazia. Nilidhani amekuja kunigombeza. Sauti yake si ya hasira.

Anamwambia Baba alitega vipande sita. Asubuhi hakukuta hata kimoja, wala mnyama aliyekufa popote. Amezunguka hadi ng'ambo ya kijito. Anaogopa kuna mtu ameviokota akadhani ni nyama tu. Mtoto wa mpangaji. Au mtu ameshaviweka sufuriani. Mama Joash yuko nje anagonga mlango mmoja mmoja, anauliza watu watapika nini leo. Namsikia. Amefika kwa jirani zetu, kina Yvonne.

Wazee wajinga! Nani huacha sumu mahali watoto wanapita?

Mzee anasema, kama kuna mtu amevitoa, aseme tu. Hatamfanya kitu. Hata mbwa na wawale kondoo wote, lakini aseme ni vingapi, ajue kama aendelee kutafuta.

Vinne. Nilihesabu mara mbili.

Baba anasema hapa hakuna aliyeona kitu. Sasa ananiita nitoke nimsalimie Mzee. Ameita tena —