Kitabu cha Ndege cha Baba

Jumatatu, 3 Machi

Wakili kaleta vitabu thelathini na viwili. Anataka vyote nivijalidi kwa ngozi nyekundu, herufi za dhahabu mgongoni. Nikavipekua. Kumi na kimoja kurasa zake bado zimeshikana — hazijatenganishwa tangu kiwandani! Nikamwonyesha. Kacheka, eti anavisoma kwa awamu. Awamu ipi, na ana miaka sitini na ushee? Vitabu kwake ni mapazia. Tofauti ni kwamba mapazia hufunguliwa.

Mchana mwanafunzi wa udaktari. Kakata kitabu kinene vipande vinne kwa kisu cha jikoni ili abebe kidogo kidogo. Mitihani imekwisha, sasa anataka nikiunge. Nikamwuliza kama na maiti wanazojifunzia huziunga. Hakuelewa. Mungu awaonee huruma wagonjwa wake.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya nyuma. Kitabu cha hesabu, kurasa mia tatu na kumi, na kila ukurasa kaandika jina lake. Anaogopa wezi. Nikamwambia, Mwalimu, hata mwizi ana heshima yake.

Miaka ishirini na minne nashona vitabu vya watu. Wanavilalia, wanavilia chakula, wanavitia chini ya miguu ya meza. Wanaostahili kuwa na kitabu nawahesabu kwa kidole kimoja. Nacho nimejielekezea mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kaja! Mume wa mdogo wangu, miaka sita hajakanyaga mlango huu. Mfuko wa nailoni mkononi. Sikumpa kiti.

Akatoa kitabu cha ndege cha Baba.

Nilikijua kwa rangi tu. Mgongo umeng'oka, umeshikizwa kwa plasta — plasta ya jeraha, ya duka la dawa! Kurasa zimevimba maji. Juu ya picha ya bundi, alama ya kikombe, duara kamili. Na penseli. Penseli kingo zote, juu mpaka chini, kama ukuta wa choo cha shule.

Niandike yaliyotokea, maana kila shangazi analo toleo lake. Nilipofungua karakana hii Baba alinipa kitabu hicho akasema, kitunze. Nikakitunza. Kabatini, ndani ya kitambaa cheupe, miaka kumi na minane. Kila mwezi nilikifuta vumbi. Kukifungua? Sikukifungua hata siku moja, kufungua ndiko kunakovunja mgongo. Siku ya tatu baada ya mazishi ya Baba mdogo wangu akafungua kabati langu, akakitia kwapani, akaondoka. Nikamwita mwizi mbele ya mashangazi wote. Tangu hapo hatusemeshani.

Shemeji kasema kakatazwa kunieleza nani kamtuma.

"Umeshanieleza."

"Ndiyo, shemeji." Akajikuna shingo. "Kwetu kuna mjalidi, mtaa wa pili tu. Mdogo wako hataki. Anasema fundi ni mmoja."

Nikamwambia akiache, arudi Jumatano, nitamrudishia kama kipya. Neno "kipya" likamfanya afungue mdomo. Akaufunga. Akaenda.

Ijumaa, 7 Machi

Sijakigusa. Nimemaliza tisa vya Wakili. Vimepangwa rafuni, vyekundu kama nyama buchani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeibandua plasta. Nimekata nyuzi, nimeyatoa mafungu ya karatasi moja moja. Kumi na manne. Katikati ya kurasa nikakuta unyoya, makombo ya mkate, na tiketi ya basi. Huyu hakuwa na kitabu, alikuwa na kapu!

Dawa ya kingo chafu ni moja. Unazipunguza. Sentimita moja na nusu pande tatu, na kitabu kinatoka cheupe kama meno ya mtoto. Picha haziguswi. Penseli inakwenda yote na takataka. Kila mjalidi hufanya hivyo. Nimenoa kisu cha mashine ya kukatia. Mikono yangu ilikuwa na furaha, sitajidanganya.

Jumatatu, 10 Machi

Lazima nizikaushe kurasa kabla ya kukata, na huwezi kukausha ukurasa bila kuutazama.

Mwandiko si wa mdogo wangu peke yake. Herufi k yenye mkia mrefu — ni ya Baba. Baba! Aliyeniambia kitunze!

"Kigogota. Nyuma ya ghala, saa moja asubuhi. Na mdogo."

"Mwewe wawili. Na mdogo. Kaanguka mtaroni, hakulia."

Nimehesabu hamsini na tatu. Miaka arobaini iliyopita, thelathini na minane, thelathini. Kila mahali na mdogo, na mdogo. Walikuwa wanatoka alfajiri, hao wawili. Nilijua wanatoka. Nilidhani wanakwenda sokoni.

Kisha ukurasa wa korongo: "Mkubwa hakutaka kuja. Anapanga vitabu."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Asubuhi ile siikumbuki hata chembe. Rafu naikumbuka.

Halafu mwandiko wa Baba unakoma. Baada yake, hakuna kitu miaka kumi na minane. Hakuna ndege hata mmoja, wala shomoro. Ndiyo miaka ya kabati langu. Kisha anaanza mdogo wangu, wiki ile ile ya mazishi: "Mbayuwayu, juu ya waya wa umeme. Peke yangu."

Upuuzi. Kuchafua karatasi ni kuchafua karatasi, awe nani aliyeshika penseli.

Sikula mchana.

Jumanne, 11 Machi

Nimeyapanga mafungu, nimeyabana kwenye mashine, nimekaza. Nikapima kwa rula. Maneno ya Baba yako milimita sita kutoka ukingoni. Nikapima tena. Sita. Nikikata, korongo atabaki. Kigogota atabaki. Mdogo aliyeanguka mtaroni hatabaki, wala mkubwa aliyekataa kuja.

Huyo mkubwa ningemkata kwa moyo mweupe!

Mwalimu kaja kuchukua hesabu zake. Kanikuta nimesimama mkono kwenye mpini. Kauliza mbona sikati. Nikamwambia kisu butu. Akapitisha kidole kwenye makali kabla sijamzuia, kikatoka damu. Nikamfunga kwa kipande cha kitambaa, akaenda zake na majina yake mia tatu na kumi. Sikumcheka. Na yeye alitaka tu ijulikane alipita hapo.

Nimelegeza mashine. Nimeyatoa. Sijui nimefanya nini. Fundi gani anarudisha kazi yenye kingo kama hizi? Wakili angenicheka. Anicheke! Yeye ambaye hajawahi hata kumwagia kitabu chai.

Jumatano, 12 Machi

Nilimngoja shemeji. Kaja mdogo wangu mwenyewe.

Alisimama mlangoni, mvi zimemjaa. Nilikuwa sijui ana mvi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Hakuuliza afya wala nyumba. Macho yakaenda moja kwa moja kwenye mashine. "Umekata?"

Nikamwonyesha meza. Mafungu kumi na manne, yamekauka, kingo chafu zote mahali pake. Akavuta kiti bila kukaribishwa. Akaweka kiganja juu ya lile la kwanza, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Nilimwambia mume wangu utakata."

"Sasa kwa nini umelileta kwangu janga hili?"

"Kimevunjika, dada. Ningekipeleka kwa nani?"

Nikamwambia kitabu si mwavuli. Kasema mvua iliwakuta njiani. Iliwakuta na nani? Akatabasamu kidogo, akasema yeye na kitabu. Nikamwambia plasta ni ya watu. Akacheka, kicheko cha Baba kabisa, cha puani. Mimi sikucheka. Nilikaribia.

Nilimfunulia ukurasa wa korongo, nikamwekea kidole kwenye mstari. Kumbe anaujua kwa moyo. Kasema Baba alikuwa anabaki mlangoni kila mara, viatu miguuni, ananisikiliza kama nitatoka chumbani. Ndipo wanaondoka.

Hilo hakuliandika popote.

Kisha kauliza, taratibu, bila ukali: nikishamaliza kushona kitakaa wapi? Kabatini kwangu, au kwake?

Nikamwambia nachemsha chai. Nimekuja huku jikoni, nimechukua daftari hili. Mlango uko wazi kidogo, namwona. Anasoma. Analamba kidole kabla ya kufunua kila ukurasa. Kila ukurasa! Mate, juu ya karatasi nilizozikausha siku mbili.

Maji yamechemka zamani. Bado nimesimama hapa, namtazama, namwacha afunue.