Kilio cha Malkia

Malindi, Unguja
Jumapili

Dada yangu mpenzi Faiza,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai umzima, na shemeji na watoto hapo Matemwe pia, na mguu wako umepoa. Mimi mzima wa mwili. Utashangaa kupata barua na simu ipo, lakini nyumba hii unaijua: ukipiga chafya jikoni, unaombewa rehema ukumbini. Na hili sitaki lisikike.

Eda imebaki siku kumi na mbili. Mama mkwe wangu, Bi Mwanakheir, ananitunza kama yai. Chai anapika yeye, ubani anafukiza yeye. Wanaokuja kunihani wanaisifu subira yangu. Dada, si subira. Tangu Nadir afe sijatoa chozi hata moja. Nakula, nasali, nalala, kama mtu anayengoja ganzi ya daktari wa meno iishe.

Unakumbuka shuleni ninakosomesha tulikuwa tunatayarisha ule mchezo wa kale wa malkia anayeletewa habari kwamba mumewe kauawa vitani. Niliutaka wa kisasa: mfalme na suti, mjumbe na helmeti ya bodaboda mkononi. Nilipokaa eda aliushika mwenzangu, Mwalimu Wakil, nami nikawa nasahihisha kwa sauti za WhatsApp. Tatizo lilikuwa Muzdalifa, msichana wa kidato cha nne aliyecheza malkia. Akilia, wenzake wanacheka. Mwisho akaniuliza, kwa adabu zake zote, mjane hulia vipi. Nikamwambia anipe siku mbili.

Mchezo umechezwa Alkhamisi. Wakil anasema malkia alipolia ukumbi ulizizima, kina mama wakajifuta macho kwa mitandio, na mwalimu mkuu, yule mkavu, akashindwa kutoa hotuba.

Sasa nikwambie. Kilio kile nilimpa mimi. Kila baada ya alasiri Bi Mwanakheir hujifungia chumbani akamlilia mwanawe, taratibu, ili nisisikie. Siku moja niliweka simu chini ya mlango wake, nikamrekodi, nikampelekea Muzdalifa. Sikumwambia ni nani. Nilimwambia tu ajifunze pale pumzi inapokatika. Wala sikuona haya. Nilikuwa kama nasahihisha madaftari. Nimemwibia mama kilio cha mwanawe, Dada, nikakipeleka jukwaani.

Eda ikiisha nitahama. Sitaki kutoka nyumba hii bila radhi yake, na radhi haiombwi pasi na kutaja kosa. Jana nikajikaza nimwambie. Nikamkuta na jirani yetu Bi Salhiya, kamletea video ya mchezo. Bi Mwanakheir aliisikiliza mara mbili, akavua miwani.

"Masikini," akasema, "mtoto huyu kafiwa na nani?"

Nikamjibu hajafiwa na mtu, ni mchezo tu, nimemfundisha mimi. Akanitazama sana. Akasema siku zote hizi alikuwa akijiuliza mke wa mwanawe analilia wapi, kumbe ni huku. Akanikumbatia, akaniombea dua, akaniambia yuko radhi nami duniani na akhera.

Nikaitikia amin.

Wasalimie wote, wadogo uwabusu. Nambie nifanye nini, lakini usipige simu.

Mdogo wako,
Shemsa