Uso Niliokataa Kuunawa

Kisauni, Jumamosi, baada ya Alasiri

Joto la leo halina huruma. Upepo hakuna, pazia limelala tuli dirishani, na mimi nimejifungia chumbani na simu mkononi, uso mtupu, hata mafuta sikupaka. Nina haya. Sijui nianzie wapi, basi nitaanzia kwenye poda.

Wanaoufuata ukurasa huu wanajua huwa nawafundisha wanaoanza kujipodoa. Si mapambo ya bibi harusi; ni uso wa kila siku, wa kwendea kazini au sokoni. Nawaambia waanze na ngozi safi na mafuta kidogo. Rangi ya fandesheni waijaribie kwenye taya, karibu na dirisha, si mgongoni mwa mkono, maana wengi wetu hununua rangi nyeupe kuliko sisi, tukatoka na uso wa mtu mmoja na shingo ya mwingine. Na kwa jasho letu la pwani, poda haisuguliwi, hubonyezwa kwa sponji taratibu. Wanja mwembamba, rangi ya mdomo, basi, mtu ameshapendeza.

Juzijuzi msomaji mmoja aliniuliza, na sala je? Nikamjibu kwa madaha yangu yote: nawa uso, dada, swali, kisha ujipake upya, kitu ulichokipaka kwa vidole vyako hakiwezi kukuzuia. Nilijiona nimesema. Nikapewa sifa hadi nikavimba kichwa.

Leo nimeyasoma tena majibu yale nikatamani kujificha chini ya kitanda.

Asubuhi niliketi sebuleni na wifi yangu Rukia, mdogo wa mume wangu. Jumatatu anaanza kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja Nyali, naye hajawahi kushika brashi maishani mwake. Wanjiru, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuja na simu yake, kwa kuwa anajua kupiga picha. Nikasema nitajipaka mwenyewe kwanza, Rukia aige. Jamani, nilijipaka. Nyusi zilitoka sawa pande zote mbili, jambo ambalo kwangu hutokea kwa nadra sana. Maskara nilitia ile isiyotoka kwa maji. Ikabaki kungoja jua lisogee dirishani ili Wanjiru anipige picha ya kuweka hapa.

Ndipo adhana ya Adhuhuri ikaanza.

Tunaishi na mama mkwe wangu, naye ninamwita Mama. Adhana ikilia, yeye hutandika misala sebuleni, wake, wangu na wa Rukia, tukasimama bega kwa bega. Ndiyo desturi ya nyumba hii tangu nilipoolewa.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mwaka jana nilikuwa mjamzito, mimba ikaharibika. Mama ndiye aliyenilea kama mtoto mchanga mpaka nikasimama tena. Jumatano iliyopita nilimnong'oneza jikoni kwamba nimechelewa kuona siku zangu. Alifunga macho, akanishika mikono yote miwili, akasema tusimwambie mtu, hata mume wangu Athman, mpaka tukapime wiki ijayo. Tangu siku ile ndoo ya maji hainifikii mkononi. Akitoka soko la Kongowea, kikapu kina madafu na maembe mabichi, na haulizwi ni ya nani.

Na tangu siku ile, kila ninaposimama ubavuni mwake kuswali, hunitazama kwa pembeni, kisha huinamisha kichwa akatabasamu. Mwanamke akiona siku zake haswali. Kwa Mama, kila sala yangu ilikuwa habari njema.

Leo alisimama mlangoni na misala mkononi.

"Haya wanangu, twaitwa. Maji yamo ndooni."

Rukia akainuka. Wanjiru akaniwekea mkono begani. "Usioshe bado, wacha nipige hata moja. Jua ndio hilo linafika."

Nami nikasema, wala sikufikiri: "Swalini nyinyi, Mama. Mimi nimeingia mwezini leo asubuhi."

Kwa ajili ya nyusi.

Ni uongo wetu wa siku zote. Nani hajawahi kuutumia harusini, ameshapambwa, akaona udhu utaharibu kila kitu? Ulimi wangu umeuzoea, ulitoka wenyewe. Nilisahau tu ni masikio ya nani yaliyokuwa mlangoni.

Mama aliukunja msala wangu polepole, akauweka juu ya kiti cha pembeni. "Alhamdulillahi kwa kila hali," akasema. "Pole mwanangu. Usikae sakafuni, ina baridi." Wanjiru alidhani ninapewa pole ya tumbo. Rukia, ambaye alikuwa ameshaniiga jicho moja tu, alikwenda kunawa, akarudi wanja umemshuka hadi mashavuni, akavaa buibui lake la kuswalia bila hata kujitazama kwenye kioo. Walihamia chumbani kwa Mama, wakaswali wawili.

Wakati ule nilikuwa nimeshaelewa nilichokifanya. Hapa ndipo haya inaponila. Nilielewa, na bado nikageuza kidevu kuelekea dirishani ili Wanjiru anipige picha. Nikatabasamu. Nikaiweka hapa ukurasani, na wengi mkaniambia mashaallah, uso umetulia.

Mchana Mama aliniletea chai ya tangawizi na chupa ya maji ya moto ya kuweka tumboni. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanikanda miguu. Akasema Athman hajui na hatajua, ni letu sisi wawili, na mimi bado kijana. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikanywa chai. Niliinywa yote, na chupa nikaikumbatia, mwongo mkubwa mimi. Alipotoka nilimsikia chumbani kwake akiomba dua, sauti ikakatika katikati, ikanyamaza, ikaanza upya.

Nilijitoa vile vitu usoni kwa pamba na mafuta ya nazi. Ile maskara ilinihangaisha mpaka kope zikawaka. Kisha nikafunga mlango kwa ufunguo, nikatandika leso sakafuni, kwa kuwa msala wangu uko sebuleni, nikailipa Adhuhuri na nikaswali Alasiri kwa kunong'ona. Kila nyayo zikipita ukumbini nilishtuka. Nimewahi kusikia watu wanaojificha kufanya mabaya. Wa kujificha kuswali ni mimi peke yangu.

Nimeufikiria ujanja, lazima nikiri. Ningeweza kuuendeleza uongo huu siku chache, nikawa naswali mlango umefungwa, kisha nikasema nimetwaharika. Halafu kama kweli kuna kitu, mwezi ujao nikamnong'onezee upya jikoni, afunge macho tena, anishike mikono tena. Ningemwibia furaha yake ya kwanza, nikamuuzia ya pili. Na kuna hofu nyingine ambayo siwezi kuitoa kichwani: sijapima bado, na naogopa uongo wangu usije ukawa kweli kabla sijaurudisha.

Njia iliyobaki ni moja na inanitia jasho kuliko hili joto. Nikisimama ubavuni mwake Magharibi, atajua bila kuambiwa kwamba niko safi. Palepale atajua pia kwamba niliusikia mwito nikaukataa kwa sababu ya picha, na kwamba nilimwacha anikande miguu kwa maumivu ambayo sina. Sijui kipi kitamfika kwanza, furaha au hasira. Ana haki ya vyote viwili. Hasira nitaipokea. Ninachokiogopa ni siku nitakayomwambia kitu cha kweli, naye akanitazama kwanza kabla ya kuniamini.

Ile picha nimeifuta. Samahani kwa mlioisifu. Nyusi zilikuwa nzuri, sikatai.

Kwenu mnaoanza kujipodoa, nina neno moja la leo. Kabla hujanunua kitu kisichotoka kwa maji, jiulize ni lini utahitaji kitoke.

Jua linashuka. Naisikia ndoo ukumbini, Mama anajaza maji ya udhu, na bado ananiepusha nisiibebe, ingawa anaamini hakuna tena sababu. Haya ninayaandika bila kuyaweka hadharani. Nitayaweka nikishamwambia, na yeye mwenyewe akiniruhusu. Kwa hivyo ukiyasoma, ujue Mama alijua kabla yako.

Adhana hiyo.

Msala wangu uko pale pale alipouweka, juu ya kiti cha pembeni. Natoka kuutandika mahali pake.