Kinanda Siku ya Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, halafu Baba mdogo Mafuru, halafu mdogo wangu Nyangeta anayekusomea barua hii. Nyangeta, usiruke maneno kama ulivyoruka mara iliyopita. Mama alinijibu nusu tu ya niliyomwuliza. Magoti yanaendeleaje, Mama? Wale samaki wadogo, furu, bado wanapatikana huko, au sangara wamewamaliza wote? Uliposema sabuni na sukari zimerudi kwenye maduka ya Musoma, ila kwa sasa mnazitazama tu, nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikaniishia.

Mimi ni mzima. Kazi ya kiwanda cha karatasi ni ileile, baridi ya Uswidi ni ileile, na ugali naupika kwa unga ambao nisingethubutu kuuita unga mbele yako.

Barua yako ya msiba wa Baba ilinifikia mkiwa mmeshamzika. Niliisoma, nikaiweka chini ya mto, kesho yake nikaenda kazini. Huku hakuna aliyejua, nami sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na ningeanzia wapi? Sikulia, Mama. Niliogopa kwamba nimekuwa mgumu, kama watu wanavyowasema waliokaa sana Ulaya.

Sasa nikueleze kilichonipata. Jumatano moja nilitoka kazini mchana. Nilipofika kwenye ngazi za nyumba ya wapangaji ninamoishi nikasikia kinanda. Kilitoka kwa jirani yangu Anders, dereva wa basi anayeishi peke yake. Hakikuwa kinanda cha kuchangamka. Kilikuwa kile kizito, cha polepole, na siku ilikuwa ya kazi. Wewe unajua nilivyowaza. Kinanda cha Baba kilibebwa na vijana wanne kwenda kanisani Jumapili, na siku nyingine hakikuguswa ila kijiji kikipatwa na msiba. Hapo Baba alikipiga palepale sebuleni, watu wakaweka majembe chini wakauliza ni nani. Basi na mimi niliuliza moyoni ni nani. Nikaingia chumbani nikachukua sukari, maana msibani mtu haendi mikono mitupu, nikavua kofia, nikabisha.

Anders alidhani nimekuja kulalamikia kelele, akakimbilia kupunguza sauti. Nikamzuia. Nikampa sukari, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba pole sana, tuko pamoja. Halafu nikakaa chini sakafuni, kama tunavyokaa. Maskini, alisimama katikati ya chumba na sukari yake mkononi, hajui aiweke wapi. Nikamwuliza aliyefariki ni nani.

"Hakuna aliyefariki," akasema. "Ni santuri tu."

Akanionyesha jalada lake, picha ya ziwa tupu lisilo na mtumbwi hata mmoja. Ni muziki wa vijana wa kwao, wa magitaa na ngoma, wa miaka ya nyuma kidogo, lakini kinanda ndicho kinachobeba kila kitu. Wimbo mmoja unakula upande mzima wa santuri. Ngoma zinabadili mwendo hata miguu inakosa pa kukanyaga, gitaa linaingia na kutoka, kinanda kinabaki, kama mwenye nyumba anayewasubiri wageni wamalize kusema. Aibu ilinijaa, nikainuka niondoke. Ndipo akaniuliza taratibu, "Kwani kwenu ni nani aliyefariki?"

"Baba yangu," nikasema.

Sikuwa nimeyatamka maneno hayo kwa lugha yoyote. Nikarudi kukaa chini. Anders aligeuza santuri, naye akakaa sakafuni, miguu yake mirefu imemshinda pa kuiweka. Mwisho wa upande wa pili kuna mahali ngoma na magitaa vinanyamaza, kinanda kinabaki peke yake, na sauti inazama kidogokidogo mpaka unasikia kimya. Baba alikuwa anamaliza hivyohivyo: anaondoa miguu kwenye vikanyagio, vidole anaviacha palepale, pumzi ya kinanda iishe yenyewe. Nililia, Mama. Nililia mbele ya mzungu, tena kwa sauti, na sikuona haya. Baadaye alichemsha chai, akaitia sukari niliyomletea. Nilikwenda kutoa pole, nikarudi nimepewa.

Tangu siku hiyo nalifikiria swali lako. Unasema kinanda cha Baba bado kimefunikwa kitenge, mchwa wameanza mguu mmoja, na Nyangeta anaomba akipige, lakini Baba mdogo amekataa. Ulinipa maneno yake: "Kitu cha marehemu kinafunguliwaga na mtoto mkubwa wa kiume, siku ya kumaliza matanga. Tutamsubiri Magesa." Simlaumu, anashika alichoachiwa. Lakini mkataba wangu hauniruhusu kuja mpaka baridi mbili zipite, na mchwa hawana habari za mkataba. Nikija nikute vumbi la mbao, nitafungua nini? Tena mimi hata kukipiga sijui. Baba alinifundisha mpaka akachoka. Aliyekaa kando yake akitazama vidole ni Nyangeta.

Kwa hiyo Nyangeta, hapa soma kwa sauti, Baba mdogo asikie. Baba mdogo, shikamoo. Tulipomaliza matanga ya Babu, mwanao alikuwa machimboni Buhemba, hakuweza kufika. Wewe mwenyewe uliweka koti lake kwenye kiti ukasema, "Nguo yake imefika, na yeye amefika." Sijasahau. Lile shati langu jeupe la shule liko ndani ya sanduku la Mama. Nyangeta alivae. Wewe ushike kitenge upande mmoja, yeye upande wa pili, mkifunue. Kisha akipige, na mwishoni aondoe miguu, vidole avibakize. Nakuomba kwa heshima, sikuamuru.

Nisalimie Bibi, mwambie meno yangu bado yote yapo. Msalimie Shangazi wa Bunda na pamba yake. Mwalimu wa kwaya naye mwambieni kile kinanda cha betri alichokiona Musoma asikinunue kwanza. Anders anawasalimu pia. Nimemfundisha shikamoo, sasa anawaamkia hata watoto.

Fanyeni Jumatano, Mama, siku ya kazi. Majirani watasikia, wataweka majembe chini, watakuja na unga na sukari kuuliza ni nani. Msiwarudishe. Wapeni pa kukaa, muwaambie Magesa amefika msibani.

Mwanao,
Magesa