Mabega ya Mjomba

Dar es Salaam, 10 Machi 2024

Dada Hajra,

Shikamoo. Mimi mzima, ila njaa ya chuo unaijua. Shemeji na Masoudi hawajambo? Tembo wameshatoka mashambani? Nakuandikia kwa sababu kuipata simu ya Kilimarondo ni bahati nasibu.

Uliuliza mchezo wangu ni mchezo gani. Siyo mmoja, ni kumi, na mtu ni huyo huyo, kwa siku mbili: mbio fupi na ndefu, viunzi, kuruka chini, kuruka juu, kuruka kwa upondo, tufe, kisahani, mkuki. Chuo kizima hakuna anayenifikia. Mwalimu Silvanus anasema mwezi wa nane wanachagua timu ya taifa, na nikiwa mzima hakuna wa kuniacha. Shida ni goti la kushoto, linavimba. Ameniambia nilitunze, nisibebe hata ndoo.

Mdogo wako,
Yasini

Kilimarondo, 26 Mei 2024

Mdogo wangu Yasini,

Marahaba. Sisi tupo, ufuta tunaanza kukata. Pole na goti, likande kwa maji ya moto na chumvi. Wewe naye, kazi kumi na hakuna inayokulipa! Lakini barua yako niliisoma kwa sauti hapa uani, na nilijidai sana.

Sasa sikiliza. Masoudi anaingia jandoni mwezi ujao, anatoka mwishoni mwa mwezi wa saba. Unajua siku ya kutoka, mwali, yaani mtoto wa jando, hakanyagi chini. Kutoka kambini mpaka nyumbani anabebwa mabegani na mjomba wake. Mama hakuzaa mwanamume mwingine, mjomba ni wewe. Njoo.

Dadako,
Hajra

Dar es Salaam, 9 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Hongereni kwa Masoudi. Ila kumbeba siwezi. Ile njia ni mlima mtupu, mtoto ameshakuwa mzito, na mashindano yanafuata siku chache tu baadaye. Nilipomwambia Mwalimu Silvanus alisema, "Ukienda, usirudi kunionesha hilo goti." Amiri, binamu yake shemeji, yupo hapo hapo kijijini, magoti yake mazima. Ambebe yeye. Mimi nikichaguliwa nitakuja kumzungusha Masoudi kijiji kizima, hata akiwa na ndevu.

Mdogo wako,
Yasini

Kilimarondo, 23 Juni 2024

Yasini,

Marahaba. Hatujambo, lakini moyo wangu haujatulia. Amiri ni wa upande wa baba. Mwanangu akitoka juu ya mabega ya Amiri, watu watasema kwetu tumekwisha, mtoto hana kwao. Mama mkwe ameshaanza: "Huyo mwanariadha wenu anaruka viunzi vya Dar, cha nyumbani kimemshinda?" Nilicheka mbele yake, nikaenda kulia jikoni.

Masoudi yuko kambini na anajua mjomba anakuja. Ni mlima mmoja tu. Goti ni lako, siwezi kulisemea, ila aibu ni yetu sote. Nauli nampa kondakta pamoja na barua hii.

Dadako,
Hajra

Kilimarondo, 11 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Ulifika salama? Kijiji bado kinakutaja. Pale mlimani ulipoyumba, sisi wanawake tulidhani unaleta mbwembwe, tukazidisha vigelegele. Kumbe shemeji yako aliona. Anasema ulikuwa umeuma kola ya shati. Kwa nini hukumshusha? Na asubuhi ulipoondoka ulikunywa chai umesimama mlangoni, nikakutania eti umekuwa mtu wa mjini, huna muda wa kukaa. Kwa nini hukuniambia kwamba goti halikunjiki? Mashindano yameshapita?

Dadako,
Hajra

Kilimarondo, 8 Septemba 2024

Yasini, u mzima? Kondakta anaapa barua alikukabidhi mkononi. Niandikie hata mstari mmoja.

Dadako

Dar es Salaam, 29 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Hali yangu usiiulize.

Mbio za kwanza nilikuwa wa mwisho. Kwenye kuruka chini nikakanyaga ubao, goti likaniacha, nikaangukia uso mchangani. Michezo kumi, nimeishia mchezo wa pili. Daktari anasema goti ni la kupasuliwa, na hata nikipasuliwa, kutembea nitatembea, kuruka nisahau. Chuo kilikuwa kinanisomesha kwa ajili ya miguu hii. Wameshaniambia nitoe vitu vyangu bwenini.

Nina hasira na wewe. Nimejaribu kujikasirikia mwenyewe, maana ningeweza kumshusha, lakini Masoudi alinishika kichwa kwa mikono miwili, anaita mjomba, mjomba, nami nilipenda kuitwa hivyo. Hata hivyo hasira inarudi kwako kila ninapoinuka kitandani. Nyumbani siji. Niendako sitakwambia.

Yasini

Nkowe, 20 Julai 2025

Mdogo wangu Yasini,

Popote ulipo, Mungu akupe uzima. Simu yako haipatikani tangu mwaka jana. Amiri alikwenda Dar kukutafuta, akarudi mikono mitupu.

Tuko huku Ruangwa kwa wifi yangu Sabaha. Jana mwanawe alitoka jandoni. Mjomba wa mtoto ni shemeji yako, na tangu masika kifua hakimpi pumzi, hawezi kubeba hata jembe. Nikasema moyoni, leo ni zamu yao kuumbuka.

Wakaleta bodaboda. Wakaipamba kwa vitenge na maputo, wakampakia mwali nyuma ya dereva, honi zikapigwa mpaka uani. Mtoto hakukanyaga chini. Nikangoja mtu aseme neno. Mama mkwe alikuwepo, yule yule. Alipiga vigelegele kuliko wote, halafu akaomba aongezewe wali.

Nilijifungia chooni nikalia, kanga mdomoni wasinisikie. Pikipiki, Yasini. Kilimarondo zimejaa.

Barua hii nitampa kondakta wa basi la Dar. Akiniuliza ampe nani, sijui nitamjibu nini.

Dadako,
Hajra