Jogoo Juu ya Paa la Hong Kong

Baba yangu,

Sauti iliyonibakia kutoka Hong Kong si honi za magari wala kelele za soko. Ni jogoo. Aliwika alfajiri, katikati ya maghorofa, mahali ambapo sikuwa nimeona hata kipande cha udongo cha kuku kuparua. Niliketi kitandani hotelini nikadhani niko Asembo, na kwamba wewe umeshaamka.

Nilikuwa nimetoka kwenye mkutano wa walimu Japani, na ndege yangu ya kurudi ilikuwa iondoke kesho yake. Siku nzima ilikuwa yangu, bila mwenyeji, bila mtu wa kuniuliza ninakwenda wapi. Nilivuka bandari kwa feri. Nilikaa mbele kabisa, kama ulivyonizoesha kwenye meli ya Kisumu enzi zile ukifanya kazi gatini. "Kaa mbele, Akinyi, uone tunakokwenda." Kisha nikapanda kileleni mwa mlima kwa gari moshi dogo linalovutwa na kamba ya chuma. Meli zilijaa chini hadi nikakosa pa kuanzia kutazama. Nilitaka kukuonyesha. Ukisafiri peke yako, hilo ndilo linalochosha: macho yanajaa na hakuna wa kumgusa bega.

Sokoni mwanamke muuza samaki alishika nywele zangu, akawaita wenzake nao waje washike. Nami nikashika zake. Soko lote likacheka.

Mchana nilirudi karibu na hoteli, na yule jogoo akawika tena. Nikafuata sauti, nikapanda ngazi za jengo moja kuukuu hadi juu ya paa. Kule juu watu walikuwa wamejenga vibanda vya mbao na mabati, kama mtaa wa mabanda wa Obunga uliopandishwa mbinguni. Mlangoni pa kibanda kimoja, ambacho mbao zake zilikuwa bado mpya, jogoo alikuwa amefungwa mguu, na kando yake makaa yalikuwa yakiwaka kwenye jiko. Baba, unajua nilichofanya. Nilisimama pembeni, mikono nyuma, kama tufanyavyo kwetu boma jipya likianzishwa kwa jogoo na moto, nikingoja mwenye dala aingie kwanza.

Akatoka mama mmoja mwembamba, beseni mkononi. Alikuwa amewapikia Waingereza miaka mingi, kwa hiyo tulielewana.

"Unamngoja nani?"

"Mwenye boma."

"Ni mimi."

"Namaanisha mwanamume."

Akamnyooshea jogoo kidole. "Yule pale. Hapiki, hafui, kazi yake kelele. Kama marehemu mume wangu tu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akanipa chai isiyo na maziwa wala sukari, nikainywa kwa heshima. Nikamuuliza nani alimjengea. Akafunua bega, nikaona ngozi ilivyokuwa ngumu. Mbao zote alizipandisha yeye, kwa ngazi zile zile nilizopanda mimi nikihema.

Pale, kikombe mkononi, nikaikumbuka asubuhi tuliyohama kutoka kwa babu. Ulitangulia na shoka, ukaenda kuanzisha dala yako mwenyewe. Ochieng', kwa kuwa ndiye kifungua mimba, ndiye wa kubeba jogoo. Mama alibeba makaa ya moto. Mimi, msichana, sikuwa na kitu. Nililia kimya kimya njia nzima, nawe ukasikia. Karibu na lango jipya ukamchukua jogoo kutoka kwa Ochieng', ukaniwekea mikononi. "Shika kidogo, kabla watu hawajaamka." Alikuwa mzito, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio kama wangu. Kisha ukasema, "Mpe kaka yako sasa." Nikampa.

Sijawahi kukuuliza ulimaanisha nini. Labda ulitaka tu ninyamaze.

Niliporudi, Ochieng' alinipokea kwa mzaha. "Mwalimu, hata Uchina umekosa mume?" Nilipomwambia nina shamba dogo Mamboleo na nataka kujenga, akaacha kucheka.

"Unajenga kwa nani, Akinyi? Msichana haanzishi dala."

"Mimi naanzisha."

"Basi ukiingia huko, hapa kwa Baba usirudi."

Simchukii. Analinda ulichomwachia ulipofariki. Lakini kwako sasa ni kwake, na mimi huko nalala kwenye kitanda cha mgeni, naulizwa kila likizo nitaondoka lini niende kwa mtu. Maneno yake niliyaweza. Ambalo sikuliweza ni kutojua wewe ungesema nini. Wiki nyingi nilifundisha, nikasahihisha madaftari, nikalishwa samaki na majirani waliodhani ninaumwa, huku nikingoja mwenye dala apite kwanza. Kisha nikatambua kwamba hakuna anayekuja.

Jumamosi iliyopita, kabla jua halijatoka, niliingia shambani kwangu Mamboleo. Nilikata tawi la kwanza kwa shoka nililonunua mwenyewe. Ochieng' hakuja. Mama alikuja. Sikuwa nimemwita. Alitembea nyuma yangu na makaa kwenye kigae, akiyapuliza yasizime, kama alivyokufuata wewe.

Langoni nilisimama kidogo. Jogoo mikononi mwangu alikuwa mzito vile vile.

Safari hii sikumpa mtu.

Binti yako,
Akinyi